Kwa nini Dunaliella inabaki kijani hata baada ya kutiwa chumvi kali

Swali la msomaji: "Nina nasaba ya Dunaliella salina niliyoagiza kutoka hifadhi ya mbegu za mwani. Naikuza kwenye mtungi wa kioo wa lita 2, maji yenye chumvi asilimia 12, potasiamu nitrati gramu 1 kwa lita, chini ya taa ya LED ya mikromoli 60 za mwanga kwa mita ya mraba kwa sekunde, saa 16 kwa siku. Baada ya wiki tatu mtungi umekolea kijani, seli kama milioni 2 kwa mililita. Nilisoma kwamba chumvi kali ndiyo inayoleta rangi ya machungwa, nikamimina chumvi kavu hadi asilimia 25 kwa mkupuo mmoja. Nusu ya seli zilikufa na zilizobaki bado ni kijani. Nilipovuna kwa sentrifuji, maji ya juu yalitoka na rangi na povu, na chini hakukubaki kitu cha maana. Nakosea wapi? Na je, mwani huu unafaa kutengenezea protini za dawa?"

Ndugu msomaji, umetoa vipimo, na hilo linarahisisha jibu. Kosa lako la kwanza si chumvi. Mtungi wako una seli nyingi mno, mwanga mdogo mno na chakula kingi mno. Seli inayoishi hivyo haina sababu ya kutengeneza karotini, ile rangi ya machungwa unayoitafuta. Chumvi ni msaidizi tu, na hapa umempa msaidizi kazi ya fundi mkuu.

Tuanze na seli yenyewe, maana ukiielewa, karibu kila hatua utaweza kuikisia mwenyewe. Michel Félix Dunal aliuona mwani huu mwaka 1838 kwenye mashamba ya chumvi ya kusini mwa Ufaransa, akitafuta kinachoyafanya maji yale yawe mekundu. Jina la Dunaliella lilitolewa na Teodoresco mwaka 1905. Ni seli moja yenye umbo la pea au yai, mijeledi miwili inayolingana mbele, na kloroplasti moja kubwa kama kikombe inayojaza sehemu kubwa ya mwili. Jambo linaloitofautisha na mwani mwingi wa kijani ni kwamba haina ukuta wa seli. Ina utando tu, na juu yake tabaka jembamba laini la sukari na protini. Kwa hiyo ukiihamishia kwenye maji yenye chumvi zaidi, inanywea papo hapo; ukiitia maji yasiyo na chumvi, inavimba, na ukizidisha, inapasuka.

Inajiokoa kwa gliseroli. Chumvi ikipanda nje, seli inatengeneza gliseroli ndani kutoka kwenye wanga wake na kutoka kwenye usanisinuru, hadi nguvu ya kuvuta maji ilingane pande zote mbili. Katika maji yenye chumvi ya moli 5 kwa lita, gliseroli ndani ya seli inaweza kufikia takribani moli 7, na ikawa zaidi ya nusu ya uzito mkavu. Kunywea hutokea ndani ya dakika. Kurudia ukubwa wa kawaida huchukua saa kadhaa. Kumbuka hizo saa kadhaa, tutazirudia.

Karotini ni habari nyingine kabisa. Beta-karotini ya Dunaliella hukusanyika ndani ya kloroplasti, kwenye vitone vidogo vya mafuta katikati ya tabaka za usanisinuru, hasa pembezoni. Vitone hivyo ni kama pazia. Vinafyonza mwanga wa buluu kabla haujafika kwenye klorofili, na ndiyo maana seli ya machungwa inastahimili mwanga mkali wa buluu au mweupe kuliko seli ya kijani, lakini chini ya mwanga mwekundu mtupu pazia hilo halisaidii. Hakuna anayefunga pazia gizani. Seli hutengeneza karotini pale tu inapopokea mwanga mwingi kuliko inavyoweza kuutumia kugawanyika. Kipimo kinachoamua ni mwanga ambao seli moja inapokea kati ya mgawanyiko mmoja na unaofuata. Ukiongeza mwanga, kipimo kinapanda. Ukichelewesha mgawanyiko, kinapanda vilevile.

(Usichanganye na Haematococcus, mwani mwingine wa seli moja unaogeuka mwekundu. Ule huweka rangi yake nje ya kloroplasti na hujifungia ndani ya ganda gumu. Ushauri wake wa kuvunja ganda au kukausha haufai hapa hata kidogo.)

Sasa tuuangalie mtungi wako kwa hesabu. Tuseme upande unaopigwa na taa una ukubwa wa mita za mraba 0.03. Mikromoli 60 kwa sekunde kwa saa 16 ni moli 3.46 kwa mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo mtungi mzima unapokea moli 0.10 hivi. Seli milioni 2 kwa mililita katika lita 2 ni seli bilioni 4. Kila seli inapata wastani wa pikomoli 26 kwa siku, na hapo sijataja kwamba zilizo upande wa nyuma zimefunikwa na wenzao na karibu hazioni kitu. Punguza seli ziwe 200,000 kwa mililita na upandishe taa hadi mikromoli 400, ukiacha mengine yote kama yalivyo: kila seli sasa ina pikomoli 1,700 za kugawiwa. Ni kama mara 67. Si zote zitafyonzwa, kwa sababu mtungi mwepesi unapitisha mwanga mwingi, lakini ukubwa wa tofauti unajieleza. Hakuna kiasi cha chumvi kinachoweza kuziba pengo la namna hiyo.

Mashamba makubwa ya mwani huu yanafuata hesabu hiyohiyo. Hutt Lagoon, Australia Magharibi, hutumia mabwawa mapana ya maji mafupi, bila kukorogwa, seli chache sana kwa lita na jua kali. Eilat, Israeli, mabwawa yalikuwa madogo zaidi, ya mviringo mrefu, maji ya kina cha takribani sentimita 20 yakisukumwa na magurudumu ya makasia ili kila seli ipate zamu ya kupanda juu. Njia mbili tofauti, lakini hakuna hata moja inayoacha maji yakolee kijani kama supu.

Nitrojeni ndiyo sehemu ya pili ya tatizo. Gramu 1 ya potasiamu nitrati ina miligramu 139 za nitrojeni. Mwani uliokauka una nitrojeni kama asilimia 7, kwa hiyo nitrati uliyoweka inatosha kujenga takribani gramu 2 za mwani kwa kila lita. Kwa mwanga wako, mtungi hautafika huko kamwe. Maana yake seli hazijawahi kuonja njaa. Kila mwanga mdogo wanaoupata unakwenda kwenye kugawanyika. Ukiweka gramu 0.1 badala ya 1, nitrojeni inakwisha mwani ukifika kama gramu 0.2 kwa lita. Mgawanyiko unasimama, usanisinuru unaendelea kwa muda, na kaboni isiyo na pa kwenda kujenga protini inaelekezwa kwenye mafuta na karotini.

Na chumvi? Inachangia, sikatai. Dunaliella salina hukua vizuri zaidi kwenye asilimia 18 hadi 22 au chini kidogo, na karotini kwa seli huwa nyingi zaidi chumvi inapopita asilimia 27. Sehemu kubwa ya athari hiyo hutokana na kupunguza kasi ya mgawanyiko, jambo ambalo linaongeza kile kipimo cha mwanga kwa mgawanyiko. Bila mwanga wa kutosha, chumvi inachelewesha tu, nawe unabaki na seli kijani zinazokua polepole. Faida yake nyingine kubwa ni ulinzi, nitaieleza mbele.

Kuhusu zile zilizokufa: kutoka asilimia 12 hadi 25 ni mara mbili tu, na seli yenye afya ingeweza kuvumilia. Zako zilikuwa na mambo mawili dhidi yao. Kwanza, chumvi kavu haiyeyuki papo hapo. Huzama, na chini ya mtungi hutokea tabaka la maji yaliyoshiba chumvi kabisa. Kila seli iliyopita hapo ilikutana na karibu asilimia 30 kwa ghafla. Pili, gliseroli hutengenezwa kutoka kwenye wanga na mwanga, na seli zilizolelewa kwenye kivuli cha mikromoli 60 hazina akiba ya maana ya kimoja wala kingine. Kama uliimwaga jioni taa ikikaribia kuzima, umeongeza la tatu. Chumvi hupandishwa ikiwa imeyeyushwa, kidogo kidogo, asubuhi taa inapowaka.

Kabla ya kuanza upya, hakikisha una nasaba inayoweza kugeuka. Si kila Dunaliella hutengeneza karotini nyingi. Dunaliella tertiolecta na Dunaliella viridis hubaki kijani hata ukiziadhibu vipi, na kwenye hifadhi za mbegu kuna nasaba zilizowahi kuandikwa salina ambazo hazikusanyi karotini ya maana. Kwa namba za hifadhi, nasaba CCAP 19/18, iliyotoka Hutt Lagoon, na UTEX 2538, inayojulikana pia kama Dunaliella bardawil, zinajulikana kugeuka. Kujaribu ni rahisi: weka mililita 20 za mbegu iliyopunguzwa hadi seli 50,000 kwa mililita kwenye sahani ya kioo yenye kifuniko, maji yasizidi kina cha sentimita 1, bila nitrati, chini ya mikromoli 400 au zaidi. Nasaba nzuri itaonyesha punje za dhahabu ndani ya siku 5 chini ya hadubini. Ikiwa baada ya siku 10 seli zimefifia tu kuwa kijani cha manjano bila punje, badilisha nasaba, usipoteze mwezi.

Maji ya kukuzia mbegu mama yanatengenezwa hivi. Kwenye mililita 700 za maji yaliyotoneshwa, yeyusha sodiamu kloridi gramu 117, magnesiamu salfati yenye maji saba gramu 1.2, potasiamu kloridi gramu 0.2, kalsiamu kloridi yenye maji mawili gramu 0.04, na potasiamu nitrati gramu 0.5. Ongeza mililita 1 ya akiba ya chuma (kwa lita: feriki kloridi yenye maji sita gramu 0.54 na EDTA ya sodiamu gramu 7.4) na mililita 1 ya akiba ya madini madogo (kwa lita: asidi ya boriki miligramu 610, amonia molibdati 380, shaba salfati 60, kobalti kloridi 51, zinki kloridi 41, manganizi kloridi 41). Jaza hadi karibu lita moja, chemsha kwa mvuke wa shinikizo, acha ipoe. Ndipo utie sodiamu bikabonati gramu 2 na potasiamu dihidrojeni fosfati gramu 0.027, zote zikiwa zimeyeyushwa na kusafishwa pembeni. Ukizitia kabla ya kuchemsha, kalsiamu na fosfati vitashikana na kutua chini kama unga mweupe, na mwani utakosa fosforasi huku wewe ukidhani umeitia. Rekebisha pH iwe 7.5. Tumia chumvi safi ya maabara au chumvi ghafi ya bahari iliyochujwa. Chumvi ya mezani mara nyingi ina iodini na dawa ya kuzuia kugandamana.

Mbegu mama ikae mikromoli 100 hadi 150, nyuzijoto 25 hadi 28 za Selsiasi, na uitumie ikiwa kwenye seli kama 500,000 kwa mililita, ingali inakua kwa kasi. Usiingoje ikolee.

Kugeuza rangi sasa. Tengeneza lita 1.6 za maji yaleyale lakini chumvi gramu 250 kwa lita na bila nitrati kabisa. Chukua mililita 400 za mbegu mama uweke kwenye mtungi wa lita 2. Siku ya kwanza asubuhi ongeza mililita 200 za maji makali ukikoroga taratibu, na mililita 200 nyingine baada ya saa 6. Siku ya pili, ya tatu na ya nne ongeza mililita 400 kila asubuhi. Chumvi itapanda kutoka 12 hadi karibu 16 saa za mwanzo, 18.5 jioni ya siku ya kwanza, kisha 20.7, 21.8 na mwisho 22.4. Seli zitakuwa zimepungua mara tano, na nitrati iliyobaki haiwezi kuzidi gramu 0.1 kwa lita. Tendo moja la kumimina limekufanyia kazi tatu, na hiyo ndiyo sababu napendelea njia hii kuliko kuvuna seli na kuzihamisha, ambako nyingi hupasuka njiani.

Kuanzia siku ya kwanza panda hadi mikromoli 200, na siku ya nne fika 400 au zaidi, ikiwezekana taa mbili zikitazamana. Joto lisipite nyuzi 35. Taa kali iliyo karibu na kioo huchemsha maji kimyakimya, kwa hiyo weka kipimajoto ndani ya maji, si hewani. Kati ya siku ya tatu na ya tano kijani kitakuwa na umanjano. Ukiangalia tone kwa hadubini ya mara 400, utaona seli zimekuwa za mviringo zaidi, zinaogelea polepole, na ukingo wa kikombe cha kloroplasti umejaa punje ndogo za rangi ya asali. Siku zinavyokwenda punje hizo zinafunika kijani chote, na wiki ya pili mtungi unakuwa wa machungwa. Unapohesabu seli, zizuie kuogelea kwa tone la Lugol (myeyusho wa iodini) lililotengenezwa ndani ya maji ya chumvi ileile. Lugol ya maji matupu itazipasua, utahesabu vifusi.

Hewa iingie kwa mapovu makubwa na machache. Jiwe la kusambaza mapovu madogo, lile la matangi ya samaki, ni adui wa seli isiyo na ukuta: povu dogo likipasuka juu ya maji hupasua na seli zilizolizunguka. Povu jeupe linalokaa juu bila kuvunjika ni protini za seli zilizokufa, nalo ndilo dalili ya kwanza kabla hesabu haijashuka. Usanisinuru hula hewa ya ukaa na kupandisha pH. Ikipita 9 mwani unasimama kwa kukosa kaboni, nawe utadhani ni njaa ya nitrojeni. Changanya hewa na asilimia 1 au 2 ya hewa ya ukaa, au shusha pH kwa matone ya asidi hidrokloriki iliyopunguzwa. Weka alama ya usawa wa maji kwenye kioo. Maji hukauka, chumvi haikauki, kwa hiyo kinachopungua kijazwe kwa maji yaliyotoneshwa, yakitiririka polepole ukutani mwa mtungi huku ukikoroga, maana kuyamwaga kwa ghafla katikati ni kupasua seli zilizo chini yake.

Wageni wasioalikwa watakuja siku moja. Fabrea salina ni siliati (kiumbe cha seli moja chenye vinyweleo vya kuogelea) mkubwa anayemeza Dunaliella nzimanzima. Unaweza kumwona kwa lenzi ya mkono akizunguka kama punje ya vumbi inayoogelea. Mtungi wa kijani ukigeuka maji safi kwa siku mbili au tatu, mtafute yeye. Dunaliella viridis ni mdogo, kijani, na hukua haraka kuliko salina chumvi inaposhuka. Wote wawili hupata shida chumvi ikipita asilimia 20, na huu ndio ulinzi niliousema: kwenye bwawa la wazi, chumvi ndiyo uzio. Kwa upande mwingine, kwenye chumvi kali sana kuna vijidudu vya jamii ya Halobacterium vinavyopaka maji waridi. Usishangilie rangi hiyo. Ukiangalia kwa hadubini utakuta vifimbo vidogo sana, na seli zako bado ni kijani.

Usipime mafanikio kwa macho wala kwa uzito mkavu. Uzito mkavu unadanganya vibaya hapa: mililita 1 tu ya maji ya asilimia 25 iliyobaki kwenye masimbi ina gramu 0.25 za chumvi, zaidi ya mwani wote uliomo kwenye lita nzima. Pima karotini kwa kila mililita ya mtungi, na seli kwa kila mililita. Kwa kuwa hakuna ukuta wa kuvunja, huhitaji hata sentrifuji kubwa. Chukua mililita 1 ya maji ya mtungi kwenye bomba la kioo lenye kifuniko, ongeza mililita 3 za mchanganyiko wa ethanoli na heksani, mbili kwa moja, tikisa dakika moja. Ongeza mililita 2 za maji na mililita 4 za heksani, tikisa tena, acha vitengane. Heksani ya juu sasa ni mililita 5. Soma ufyonzaji wa mwanga kwa spektrofotomita kwenye nanomita 450, zidisha kwa 19.3, utapata mikrogramu za beta-karotini kwa mililita ya mtungi, sawa na miligramu kwa lita. Mtungi wa miligramu 10 kwa lita utasoma 0.52 hivi. Soma na 665 pia. Ikiwa namba hiyo iko karibu na ya 450 au inaizidi, klorofili bado inatawala na siku ya kuvuna haijafika. Tumia kioo, kwa sababu heksani huyeyusha plastiki nyingine, na fanya kazi chini ya kivutahewa mbali na moto. Karotini huungua kwa mwanga na oksijeni: punguza taa za chumba, na pima siku hiyohiyo.

Kuvuna ndiko watu wengi hupoteza kazi ya wiki mbili. Maji ya chumvi ya gramu 230 hivi kwa lita yana uzito wa karibu gramu 1.15 kwa mililita, na seli iliyojaa vitone vya mafuta haiyazidi kwa kiasi cha maana. Ukiongeza kasi ili uilazimishe kuzama, unaipasua, na karotini inaelea juu pamoja na povu. Ndicho kilichokupata. Kwa kiasi kidogo, zungusha kwa nguvu ya mara 1,000 hadi 1,500 ya mvutano wa dunia kwa dakika 10, breki ikiwa imezimwa, na unyonye maji ya juu kwa bomba badala ya kuinamisha. Kwa lita nzima, napendekeza uache sentrifuji kabisa. Dondosha sodiamu hidroksidi huku ukikoroga taratibu hadi pH 10.5 au 11. Magnesiamu iliyomo itatua kama mabonge laini yakikusanya seli. Acha yatulie usiku kucha gizani, mimina maji safi ya juu, na uchukue tope. Litakuwa na majivu mengi, halifai kupimwa uzito, lakini linafaa kwa kukamua karotini kwa kiyeyusho. Usilisafishe kwa maji matupu kabla ya kukamua: utaziosha seli zote ziende na maji. Lihifadhi kwenye chupa nyeusi, hewa yake imebadilishwa kwa nitrojeni, nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi.

Sehemu ya mwisho ya swali lako, protini za dawa. Hapa nitakuwa wazi: kwa Dunaliella, kwa sasa, usiifuate njia hiyo. Jeni zimewahi kuingizwa ndani yake kwa mshtuko wa umeme na kwa kutikiswa na shanga za kioo, lakini mara nyingi hazidumu. Tatizo la kila siku ni kuchagua seli zilizopokea jeni: antibiotiki nyingi hupoteza makali kwenye chumvi nyingi, kwa hiyo seli ambazo hazikupokea kitu nazo zinapona. Na protini yoyote utakayoitoa itatoka imezama kwenye chumvi. Kwa kazi hiyo, Chlamydomonas reinhardtii, mwani mwingine wa kijani wa seli moja, ni mwalimu bora. Kloroplasti yake ilibadilishwa kijeni kwa mara ya kwanza mwaka 1988, jenomu yake (ramani ya jeni zake zote) ilichapishwa mwaka 2007, inakua hata gizani ukiipa asetati, na mbinu zake zimeandikwa kwa kina. Gliseroli ya Dunaliella nayo iliwahi kutazamwa kama bidhaa, lakini gliseroli inayobaki viwandani baada ya kutengeneza dizeli ya mimea ni nyingi mno kwa mwani kushindana nayo. Kinachoipa Dunaliella nafasi yake ni beta-karotini, inayoweza kufika asilimia 10 ya uzito mkavu, na karibu nusu yake ikiwa na umbo lililopinda liitwalo 9-cis, tofauti na karotini ya kutengenezwa kiwandani ambayo karibu yote ni umbo nyoofu.

Tope la mtungi wako usilile, na usimpe mtu. Halijapimwa metali wala bakteria. Pia beta-karotini nyingi kwa vidonge si jambo la kuchezea. Jaribio kubwa la wavutaji sigara nchini Finland, lililotoa matokeo mwaka 1994, liliwapa miligramu 20 kwa siku, na saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 badala ya kupungua. Jaribio la CARET la Marekani lilisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu ya aina hiyohiyo. Karotini ile ilikuwa ya kiwandani, lakini hakuna ushahidi unaomruhusu mvutaji aamini kwamba ya mwani ni salama kwake.

Mtungi ulionao usiutupe. Chota mililita 50 kutoka juu, mahali seli zinazoogelea vizuri hukusanyika upande wa taa, uziongezee mililita 50 za maji ya kukuzia ya asilimia 12 kwa matone, kwa muda wa saa 3 au 4. Kutoka 25 hadi 18.5 ni mteremko wanaouweza. Zikianza kugawanyika tena ndani ya siku nne au tano, hizo ndizo mbegu mama zako mpya, na tayari zimezoea chumvi kuliko zile ulizoanza nazo. Kwa kuwa zitakuwa kwenye asilimia 18.5, zile siku nne za kupandisha chumvi unaweza kuzifanya mbili.